Kongo Si Muziki Tu: Njooni Muone Lwiro na Jirani Zake

Ukimwuliza mtu wa Dar es Salaam, wa Nairobi au wa Kampala, "Je, waijua Kongo?", mara nyingi atakujibu kwa kutaja wimbo. Hatataja mto wala mlima, atataja gitaa. Wala si ajabu. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy aliimba "Marie-Louise". Mwaka 1960 Joseph Kabasele na wenziwe, wakiwa Brussels, waliushangilia uhuru uliokaribia kwa "Indépendance Cha Cha". Franco na bendi ya O.K. Jazz, iliyoundwa mwaka 1956, walisikika katika kila mji wenye redio. Bendi nyingine zilihamia Dar es Salaam na Nairobi, zikaimba kwa Kiswahili, na wenyeji wakazipenda kama zao. Tena mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya nchi zote mbili za Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sifa hiyo ni haki yetu, na tuifurahie. Lakini wimbo humfuata mtu hata nyumbani kwake, na mlima haumfuati mtu. Sharti mtu mwenyewe auendee. Wako vijana wengi wa Kivu wanaojua kwa moyo nyimbo za Kinshasa, upande wa pili wa nchi, nao hawajapata kukanyaga msitu wanaouona kila asubuhi waendapo kuchota maji. Wageni wamepanda ndege kutoka Ulaya na Marekani ili wauone msitu huo huo. Basi, wasomaji wapenzi, leo tufuate pamoja barabara moja tu, ile itokayo Bukavu kwenda Lwiro, tuone yaliyomo.

Mji wa rasi tano

Bukavu, ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Costermansville, umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Ziwa lenyewe liko kiasi cha meta 1460 juu ya bahari, na kina chake chapita meta 450. Katika vilindi vyake mna gesi nyingi iwezayo kuwaka, na upande wa Rwanda wamekwisha kuigeuza kuwa umeme. Hapo Bukavu ndipo Mto Ruzizi unapotoka ziwani kushuka hadi Tanganyika.

Mgeni asikose kuingia katika Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Amani, lenye kuba linaloonekana kutoka mbali. Humo atamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyewatetea wenyeji na wakimbizi pia, akauawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996.

Jua likishuka, asimame ufukweni. Atawaona wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwa tayari kuwavutia samaki wadogo waitwao sambaza. Samaki hao si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa ni kitoweo cha maskini na tajiri. Wavuvi hupiga makasia huku wakiimba, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Hata huko basi, muziki haukosekani. Nao hauhitaji umeme wala kipaza sauti.

Lwiro, nyumba ya elimu

Kutoka Bukavu barabara huelekea kaskazini kiasi cha kilometa 40, ziwa likiwa mkono wa kuume na milima mkono wa kushoto. Baada ya Kavumu, penye uwanja wa ndege, twafika Lwiro. Mtu asiyeambiwa atashangaa: katikati ya mashamba ya migomba na mihogo yasimama majumba makubwa, yenye maktaba na vyumba vya uchunguzi.

Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda shirika la uchunguzi wa elimu lililoitwa IRSAC, chini ya uongozi wa Louis van den Berghe, na Lwiro ikawa makao yake makuu. Wataalamu walichunguza wanyama, mimea, samaki, magonjwa, chakula cha watu na mitetemeko ya ardhi. Baada ya uhuru kazi hiyo ilipita mikononi mwa Wakongo wenyewe, na kituo sasa chaitwa CRSN. Humo mna vitabu vingi vya kale, na nyoka, ndege na samaki waliohifadhiwa kwa ajili ya masomo. Vyombo vya kupimia mitetemeko si pambo pia: tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika pande za Bukavu, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Jirani na hapo ipo hospitali ya watoto, ambapo wanaodhoofika kwa kukosa chakula chenye nguvu hutunzwa.

Apendaye muziki naye anayo sababu ya kuzijali nchi hizi. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alizunguka Kongo na Ruanda-Urundi akinasa sauti za nyimbo, na miongoni mwa watu aliowaandikia habari ni Washi, wenyeji wa Kivu hii. Washi wana lulanga, ubao mrefu uliochongwa mfano wa bakuli, na nyuzi zikavutwa juu yake. Mpigaji husimulia huku vidole vikicheza. Kabla gitaa halijafika Kinshasa, wazee wa vijiji walikuwa wamekwisha kuzoea kuongea na nyuzi. Kijana afikaye Lwiro na awaulize wazee. Huenda yupo bado ajuaye kuipiga.

Sokwe yatima

Katika eneo hilo hilo, mwaka 2002 palianzishwa kituo cha kulea sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Leo wamo sokwe zaidi ya mia, na nyani na kima wengi.

Msomaji asidhani kwamba hapo ni mahali pa kuchekea vituko vya wanyama. Sokwe mchanga hushikamana na mama yake, wala mama hamwachi. Ili kumpata mtoto, mwindaji humwua mama, na mara nyingi huwaua na wengine wanaokuja kumtetea. Kwa hiyo kila yatima uonaye pale ni ushahidi wa vifo kadhaa msituni. Walezi humpa maziwa, humbeba na kumtuliza, na akisha kupata nguvu humwunga polepole na wenzake, katika boma lenye miti. Wanafunzi wa shule za jirani wamekuwa wakipelekwa huko kujifunza, na faida yake ni wazi. Mtoto aliyekwisha kumtazama sokwe machoni hatamsindikiza tena baba au kaka kumwuza sokwe sokoni.

Msitu wa Kahuzi

Juu ya Lwiro wainuka Mlima Kahuzi, wenye meta 3308, na nyuma yake Biega. Mwaka 1970 palitengwa hapo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyewazoeza gorila kuonwa na watu bila ya kukimbia wala kushambulia. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi kilometa za mraba 6000 hivi, na mwaka 1980 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia. Gorila wa huko ndio wakubwa kuliko wote, na duniani pote hawapatikani ila katika mashariki ya Kongo. Lango la wageni liko Tshivanga, karibu na mashamba ya chai.

Lakini vita vilivyoanza mwaka 1996 viliujeruhi msitu. Kabla yake, sehemu ya juu ya hifadhi ilikuwa na gorila 250 hivi. Katika hesabu ya mwaka 2000 walionekana kiasi cha 130 tu. Tembo wa huko karibu wote waliuawa. Miti imechomwa kuwa makaa, na ardhi imechimbuliwa kutafuta koltani. Walinzi wengi wamekufa kazini.

Liko na deni jingine. Watwa waliishi humo tangu mababu zao. Hifadhi ilipoundwa walifukuzwa bila kupewa ardhi nyingine, wakawa vibarua na ombaomba pembeni mwa msitu waliouita nyumba yao. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Basi mgeni atakayeusifu uzuri wa msitu akumbuke pia ni nani aliyelipa gharama yake. Msitu hautalindwa kwa bunduki peke yake, ikiwa jirani zake wana njaa na kinyongo.

Kabla ya kufunga safari

Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Kavumu na kisha Bukavu. Kwa hiyo yeyote anayewaza safari hii aulize kwanza habari za barabara kwa watu wa parokia na wa kituo chenyewe, wala asiongozwe na hamu tu. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa na mvua chache. Mwenye mafua au kikohozi asiende kwa gorila wala kwa sokwe, maana maradhi yetu huwaua upesi. Na mtu yeyote asinunue mnyama mchanga, hata kwa huruma ya kumwokoa, kwa kuwa fedha yake itamrudisha mwindaji msituni.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli, kwani mgeni huleta riziki kwa dereva, kwa mpishi, kwa mlinzi na kwa mwenye shamba la mboga. Walakini katika miaka ya vita wageni hawaji. Miaka hiyo wapo wenyeji tu: mtunza vitabu wa Lwiro, mlezi wa sokwe, mlinzi wa Tshivanga, na Mtwa ajuaye jina la kila mti. Basi walimu wa Kavumu, wa Miti na wa Katana, siku njia zitakapokuwa salama, msiwangojee watalii. Watangulizeni watoto wenu.