Daraja: ruta inapoacha kupanga njia

Daraja (ngeli ya LI-YA, wingi: madaraja) ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambamo maana yake ni ngazi au cheo. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo, kama katika daraja la kwanza la ufaulu, kisha kikaongeza ile ya kivuko kilichojengwa juu ya mto au korongo. Katika fani ya mitandao neno hili limepata maana nyingine: kifaa, au hali ya kifaa, kinachounganisha sehemu mbili za mtandao mmoja, hata vyombo vya upande huu vikaonana na vya upande ule kana kwamba vimo chumba kimoja. Daraja lisilotumia waya (si *daraja isiyotumia waya*, kosa linalosikika mara nyingi) hufanya kazi hiyo kwa mawimbi ya redio badala ya kebo.

Haja yake huonekana wazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Katika kihamba cha Marangu, Kibosho au Machame, nyumba ya wazazi na ile ya kijana aliyejenga karibu nao hutenganishwa na migomba, mibuni na miti mirefu ya kivuli. Modemu imo nyumba kubwa. Kompyuta ya mezani yenye tundu la kebo pekee, printa, au kinasa cha kamera za ulinzi vimo nyumba ya pili. Kuchimba mtaro wa kebo katikati ya mizizi ya migomba ni kazi isiyotamanika. Ruta ya zamani iliyosahauliwa kabatini yaweza kushika nafasi ya kebo hiyo.

Wachaga walikabili jambo la namna hii kabla ya umeme. Mfongo, yaani mfereji wa kuteremsha maji kutoka kijito cha juu hadi vihambani, ulipokutana na korongo ulivushwa kwa gogo lililochongwa ndani. Gogo halikugawa maji wala halikuamua zamu ni ya nani; liliyavusha tu. Ugawaji ulikuwa na wenyewe.

Ndivyo daraja la mtandao lilivyo, na hapa istilahi huleta mvutano. Ruta huitwa pia *kipanganjia*, kwa kuwa hugawa anwani na kuamua data ipite wapi. Ikigeuzwa daraja huiacha kazi hiyo kwa ruta kuu, hivyo kuiita kipanganjia ni kuipa cheo ilichokwisha kuvuliwa. *Ruta iliyo katika hali ya daraja* ni maneno mengi, lakini ndiyo sahihi.

Mkanganyiko mwingine una gharama. Kirudishi hupokea mawimbi na kuyatangaza upya kwa simu zilizo mbali. Kikitumia redio moja kwa kupokea na kutuma, kasi hushuka hadi karibu nusu. Daraja linalohudumia kebo pekee halitangazi upya, basi hasara hiyo hulipita. Anayeomba tu “kifaa cha kuvuta waifai” katika maduka ya Moshi anaweza kuuziwa kirudishi kisicho na tundu la kebo hata moja.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kompyuta huunganishwa kwa kebo na ruta ya pili, na ukurasa wake wa mipangilio hufunguliwa. Hali ya daraja huchaguliwa, kisha jina la mtandao wa ruta kuu na nenosiri lake huandikwa bila kukosea herufi. Ikiwa ruta kuu ina anwani 192.168.1.1, ya pili hupewa 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kuwa namba hiyo haimo katika fungu linalogawiwa vyombo vingine. Huduma ya kugawa anwani katika ruta ya pili huzimwa. Ikiachwa, wagawaji huwa wawili na vyombo hupotea njia. Mwishoni kebo za vyombo huchomekwa katika matundu ya mtandao wa ndani, si katika lile la intaneti.

Si kila ruta ina hali hii. Baadhi zina hali ya mteja tu: kompyuta hupata intaneti, lakini hukaa nyuma ya mtandao mdogo wa peke yake, na nyumba kubwa haiioni printa. Hicho ni kipokezi. Hakistahili kuitwa daraja.

Mahali pa kuiweka ni dirishani, pakielekea nyumba kubwa, mbali na mabati, ambayo huyarudisha mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya majani vizuri kuliko ya gigahezi 5, japo kwa kasi ndogo zaidi. Majani yaliyolowa hunyonya mawimbi kuliko makavu. Kiungo kilichopimwa Januari kikaonekana imara hupaswa kupimwa tena Aprili, masika yanapokuwa yamekolea mlimani.