Picha Moja, Kurasa Tatu: Jinsi ya Kutumia Matabaka ya Picha



Mwaka mmoja tulitayarisha kitabu cha mazoezi chenye picha ya jiko na majina ya vyombo. Neno "karai" liliandikwa "kalai". Mchoraji alituletea faili la JPEG, ambalo haliwezi kuhifadhi matabaka, na maandishi yalikuwa yamekwisha kugandamana na mchoro. Siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa ikafika, kitabu kikatoka na kosa lile. Hapa Uganda, ambako wanafunzi wengi huchanganya r na l, kosa hilo halikuwa dogo.

Dawa yake ni kutumia matabaka. Fikirieni karatasi za plastiki zinazopitisha nuru, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya chini ina mchoro, ya pili ina majina, ya tatu ina nambari. Ukiondoa moja, nyingine hubaki salama.

Katika Photoshop, weka kila kitu kwenye tabaka lake na ulipe jina. Hifadhi kazi kama faili la PSD. Programu ikikuuliza kuhusu "Maximize Compatibility", kubali, ili programu nyingine ziweze kulisoma.

Kisha ingia InDesign. Tangu toleo la CS2 la mwaka 2005, programu hii huweza kuonyesha au kuficha matabaka ya PSD. Weka picha ileile kwenye kurasa tatu. Ichague, fungua menyu ya "Object", halafu "Object Layer Options". Utaona alama ya jicho kando ya kila tabaka. Bofya kuliwasha au kulizima. Ukurasa wa somo uonyeshe majina, wa zoezi uonyeshe nambari, na wa mtihani uwe na mchoro mtupu. Faili ni moja tu.

Yako mambo manne ya kuzingatia:

1. InDesign huficha na kuonyesha tu. Tahajia husahihishwa katika Photoshop, kisha kiungo cha picha huhuishwa, na kurasa zote tatu hurekebika.

2. Kabla ya kuhuisha, chagua "Keep Layer Visibility Overrides". Usipofanya hivyo, picha itarudia hali iliyohifadhiwa katika Photoshop, na majibu yanaweza kujitokeza kwenye ukurasa wa mtihani!

3. Faili la TIFF huweza kuwa na matabaka, lakini InDesign huliona kama picha moja bapa. Tumia PSD.

4. Usihamishe wala kubadili jina la faili la picha, kwa kuwa ukurasa hulitafuta pale ulipoliacha. Unapopeleka kazi kwa mpiga chapa, mpe na picha zake.

Idara zisizo na fedha za kununua programu hizi zinaweza kutumia Scribus, inayopatikana bure. Nayo husoma PSD na kukuwezesha kuzima matabaka, kupitia sifa za ziada za picha.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, mchoraji akikuletea kazi usipokee JPEG peke yake. Mdai faili lenye matabaka, ulihifadhi mahali pawili. Kosa likigunduliwa asubuhi ya kuchapa, litasahihishwa kwa dakika chache, na mwanafunzi atasoma "karai" kama ipasavyo.