Kitabu cha Sauti Kinachofunguka kwa Kidole

Mzazi wa Kinkondja mwenye mtoto asiyeona akiambiwa kwamba vitabu vya sauti vimejaa tele kwenye intaneti, ameambiwa ukweli usiomfikisha popote. Vipo, tena vya bure. Tangu mwaka 2005 wasomaji wa kujitolea wa LibriVox wanarekodi vitabu ambavyo haki za waandishi wake zimekwisha muda, na vya Kifaransa si haba. Paris kuna Éole, maktaba ya chama cha Valentin Haüy. Marekani kuna Bookshare, yenye vitabu zaidi ya milioni moja. Ila Kinkondja iko Kongo ya Kinshasa, ufukoni mwa Ziwa Kisale, ndani ya mabwawa ya Upemba. Samaki wanatoka na bidhaa zinaingia kwa boti, na reli ya kwenda Lubumbashi unaikuta Bukama. Mega za simu zinanunuliwa kwa kupimapima. Mtoto mwenyewe anaongea Kiluba nyumbani, Kiswahili anakikuta sokoni na katika madarasa ya mwanzo, kisha Kifaransa kinamngoja huko mbele.

Kabla ya kutafuta kitabu chochote, daktari wa macho amwone. Mtoto wa jicho hupasuliwa, hata kwa mtoto mchanga, na ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Ukichelewa, jicho linaweza kupona na bado lisione vizuri. Wapo pia wanaohesabiwa vipofu wakati wanachohitaji ni miwani na herufi kubwa. Cheti cha daktari kitunzwe, kwa maana kitahitajika tena.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Mtoto anayeona hurudi ukurasa wa nyuma bila kumwomba mtu ruhusa. Huruka picha isiyompendeza, hutafuta pale simba alipoanguka, husoma sentensi moja mara nne. Mtoto asiyeona aliyewekewa sauti ya saa nzima mfululizo hawezi lolote kati ya hayo. Anasimuliwa tu, hata kama msimulizi ni hodari. Kwa hiyo ninapopima kitabu cha sauti, naangalia kwanza kama mtoto anaweza kukifungua mahali anapotaka, peke yake. Utamu wa sauti ya msomaji nauangalia baadaye.

Shida hii ina umri mkubwa. Uingereza ilipoanza kutoa vitabu vya kusikiliza mwaka 1935, vilikuwa kwenye santuri, na upande mmoja ulibeba dakika 25 hivi. (Kimojawapo cha vile vya kwanza kilikuwa *Typhoon* cha Joseph Conrad, yule yule baharia aliyefika Mto Kongo mwaka 1890.) Kurudi nyuma maana yake ilikuwa kuinua sindano na kubahatisha. Baadaye kanda za kaseti zilipunguza uzito, kubahatisha kukabaki. Ndipo mwaka 1996 maktaba za wasioona kutoka nchi kadhaa zikaunda umoja wa DAISY, ukaweka utaratibu wa kukigawa kitabu cha sauti kwa sura, vifungu na kurasa, ili msikilizaji aruke kwa kubonyeza.

Waluba, wenyeji wa eneo hili, walikuwa na jibu lao zamani. Lukasa ni ubao wa mti uliopambwa shanga na simbi. Mjuzi wa chama cha Mbudye huushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akieleza habari za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Akitaka kurudi kwenye habari fulani, anarudisha kidole kwenye shanga yake. Sidai kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya vipofu. Nasema kwamba historia inayoshikwa kwa kidole na kutolewa kwa mdomo si jambo la ajabu kandokando ya Mto Lualaba, na mwalimu akianza na habari hiyo wazazi watamwelewa upesi.

Mashine ya DAISY ni ghali, na Kinkondja si rahisi kuipata. Redio ndogo yenye tundu la kadi ya memori, inayochajiwa kwa sola, inatosha kabisa ikiwa kadi imepangwa kwa akili. Rekodi kwa simu, katika chumba chenye nguo na magodoro ili mwangwi upungue. Kila faili iwe sehemu fupi, dakika tatu hadi tano, nayo ianze kwa msomaji kutaja jina la kitabu, sura na namba ya ukurasa. Mtoto akibonyeza kitufe cha kwenda mbele, anasikia "ukurasa wa kumi na mbili" na kujua alipo. Zipe faili namba 001, 002, 003. Hapa wengi hukwama: redio nyingi za bei ndogo hazijali jina la faili, hufuata mpangilio wa jinsi zilivyonakiliwa kwenye kadi. Basi anza na kadi tupu, unakili moja baada ya nyingine kwa zamu. Kwenye kitufe cha mbele dondosha tone la gundi, cha nyuma matone mawili, yakauke.

Nafasi isikutishe. Sauti ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 hivi kwa saa. Kadi ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya saa 270, kwa hiyo mtu mmoja mwenye mtandao mzuri Lubumbashi anaweza kuijaza na kuikabidhi kwa msafiri wa treni. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko kupakua kijijini.

Nini kiingie humo? Kwa Kifaransa, LibriVox haidai usajili. Maktaba za wasioona hudai, na hapo ndipo cheti cha daktari kinapofanya kazi. Ni vizuri shule iombe badala ya mzazi mmoja mmoja. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unaruhusu taasisi za nchi wanachama kunakili vitabu kwa ajili ya wasioona na kupelekeana ng'ambo ya mpaka. Kenya, Uganda na Tanzania zimo, na hiyo inaweza kufungua mlango kwa vitabu vya Kiswahili, ikiwa Kongo nayo ni mwanachama. Kuna pia African Storybook ya Afrika Kusini, yenye hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na leseni inayokuruhusu kuzisoma kwa sauti na kuzigawa.

Kiluba hutakikuta tayari, na programu za simu zinazosoma maandishi, ambazo zinajua Kiswahili na Kifaransa, hazina sauti ya Kiluba. Hiki kitarekodiwa hapo hapo. Bibi ahadithie, mvuvi aeleze namna ya kutega nyavu, mwalimu asome somo la kesho leo jioni ili mtoto aingie darasani akilijua. Kaka na dada wakisoma pia ni sawa, hata wakikosea. Wasirudie faili nzima kwa sababu ya kikohozi.

Breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, haiachwi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, lakini Kifaransa kimejaa herufi zisizosikika, na mtoto anayesikiliza tu ataandika *beaucoup* kwa namna yake mpaka siku ya mtihani. Sauti imjaze hadithi na msamiati, vidole vimpe tahajia.

Kadi nazo hufa, hasa penye unyevu wa ziwa. Nakala moja ikae kwa mwalimu na nyingine Bukama, na kila rekodi mpya inakiliwe kote kabla simu haijafutwa.