Kuvu wa udongoni waingia soko la zeituni

MKULIMA wa zeituni nchini Hispania hupoteza fedha mara mbili kwa inzi mmoja. Tunda lililotobolewa huanguka kabla ya kuvunwa. Lile linalobaki mtini hutoa mafuta yenye asidi kubwa, na yakivuka asilimia 0.8 hayauzwi tena kama mafuta ya daraja la juu.

Inzi huyo, Bactrocera oleae, alikuwa akidhibitiwa kwa sumu ya daimethoeti. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulikataa kuirefushia kibali, na pengo hilo sasa linagombewa na wauza kuvu.

Bidhaa yenyewe ni hai. Kuvu aina ya Beauveria bassiana na Metarhizium brunneum huishi udongoni kwa asili. Mbegu zake humnata mdudu, huota, hupenya ngozi na kumuua baada ya siku kadhaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Córdoba waliielekeza Metarhizium chini ya mizeituni, kwa kuwa buu wa msimu wa vuli huliacha tunda na kujizika ardhini. Anapochomoza akiwa inzi, hupita katika udongo wenye kuvu. Kinachotibiwa ni ardhi iliyo chini ya mti, si matawi yote.

Hata hivyo, muuzaji aliyezoea kumwonyesha mteja wadudu waliokufa jioni ileile atapata taabu. Kuvu haina haraka, jua kali huiua na ukame huidhoofisha. Ghala lenye joto huweza kula mtaji wote kabla mteja hajafika.

Bei nayo haitabiriki. Baada ya ukame wa 2022 na 2023, mafuta ya daraja la juu nchini Hispania yalikaribia euro 9 kwa kilo mwanzoni mwa 2024, na mkulima alikuwa na kila sababu ya kulinda kila tunda. Mwaka 2025 bei ilishuka chini ya nusu. Gharama ya kinga haikushuka nayo.

Teknolojia hii si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 2009 Metarhizium ilinyunyiziwa nzige wekundu nchini Tanzania, na Kenya aina iliyotokana na utafiti wa ICIPE huuzwa kwa wakulima wa maua, mboga na maembe. Mwembe nao una inzi wake, na soko lake liko karibu kuliko Córdoba.