Umri wa Mtoto Ndio Msingi wa Timu

Jua linapoteremkia milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mchanga wa Kabonga hugeuka kiwanja. Kijiji hiki cha wavuvi kiko upande wa Nyanza-Lac, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtu mzima yeyote apendaye vijana, awe mwalimu, mvuvi, au askari aliye likizoni, akiwatazama watoto wakifukuzana na mpira hutamani kuwakusanya awe na timu. Hilo ni jambo jema. Lakini kabla hajatafuta jezi na filimbi, na atafute daftari. Ndani yake aandike jina la kila mtoto, la mzazi wake, darasa analosoma, na tarehe aliyozaliwa.

Katika mwambao huu, tarehe hiyo si rahisi kuipata. Familia nyingi zilikimbilia Tanzania mwaka 1972, nyingine baada ya 1993, na nyingine tena mwaka 2015. Wapo watoto waliozaliwa ukimbizini, na zipo karatasi zilizopotea njiani. Hapo ndipo kishawishi huingia. Kocha anayetaka kikombe humwona kijana aliyekwisha kuota ndevu, akamwandika kuwa na miaka 14. Timu hushinda, kijiji hushangilia, na mtoto halali hukaa nje ya mstari akiwa ameshika viatu vya wenzake.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa Aprili 2018, Burundi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika Mashariki na Kati ya vijana wasiozidi miaka 17. Timu ya Zanzibar iliondolewa baada ya kugundulika kwamba ilikuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002, siku iliyowekwa kuwa mpaka. Adhabu iliipata timu nzima. Kosa la umri, basi, huwaangukia hata wasio na hatia. Tena, tangu mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 2009 huko Nigeria, wachezaji wa umri huo wamekuwa wakipigwa picha za kifundo cha mkono ili mifupa yao itazamwe. Karatasi yaweza kudanganya. Mfupa ni shahidi mgumu kuhongwa.

Hasara nyingine haina refa wa kuiona. Mtoto wa miaka 11 akigongana na kijana wa 17, anayeumia anajulikana. Akiumia mara mbili, huacha mchezo, na kipaji chake hufa kabla ya kuchipua.

Afanyeje basi mlezi wa timu? Kwanza, aende nyumbani kwa mtoto. Aombe cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, aulize kadi ya chanjo au ya ubatizo, kisha amsikilize mama, kwa kuwa mama hukumbuka mtoto alizaliwa msimu gani na nani alimfuata. Palipo na shaka, aandike kuwa ana shaka, na kijana mwenye mwili mkubwa acheze na wakubwa. Asibuni tarehe kamwe. Wazazi nao wasimwombe abuni.

Pili, awagawe vijana. Wadogo wa miaka 8 hadi 12 wacheze saba kwa saba, katika kiwanja kidogo, kwa mpira namba 4. Wakubwa watumie namba 5. Kwa wadogo, kila mmoja aguse mpira mara nyingi na kila mmoja apate zamu ya kucheza. Matokeo yasiwe na uzito mkubwa.

Tatu, ratiba ifuate shule na ziwa. Dagaa, ambao wenyeji huwaita ndagala, huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazivuti samaki na mitumbwi mingi hupumzika. Vijana wakubwa wanaosaidia uvuvi wafanyishwe mazoezi mazito siku hizo. Kijana aliyekesha ziwani asikimbizwe asubuhi kana kwamba amelala. Maji ya kunywa yachemshwe, kwani kipindupindu si mgeni katika mwambao huu. Watu wazima wawe wawili daima, na watoto wafike kwao kabla ya giza.

Askari anaelewa haya kuliko wengi. Jeshini mtu hapewi mzigo asioweza kuubeba, na orodha ya majina haiandikwi kwa kubahatisha.

Kazi hii ya uvumilivu si ya bure. Mwaka 1995, nchi ikiwa katika vita, vijana wa Burundi wasiozidi miaka 20 walishika nafasi ya pili Afrika, wakaenda Qatar kushiriki mashindano ya dunia. Mwaka 2019, timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Misri. Ilifungwa michezo yote mitatu, lakini ilikuwa imefika.

Katika watoto wa Kabonga, wengi hawatafika Misri. Watakuwa wavuvi, walimu, mafundi na askari. Lakini kila mmoja atakumbuka kama mtu mzima wa kwanza aliyemwamini alimfundisha kusema kweli juu ya nafsi yake, au alimfundisha uongo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.