Kambi Iliyopotea na Punje za Mifupa

Katika Old Bones, riwaya ya taharuki ya Douglas Preston na Lincoln Child iliyotoka mwaka 2019, mwanahistoria anamjia mwanaakiolojia Nora Kelly na habari ya kambi ya tatu ya msafara wa Donner, kambi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kambi hiyo ni ya kubuni. Msafara ni wa kweli.

Familia zilizouanzisha msafara huo ziliondoka Springfield, Illinois, Aprili 1846, zikielekea California kwa magari ya maksai. Zikafuata njia ya mkato ambayo haikuwa imejaribiwa vya kutosha, na mwishoni mwa Oktoba theluji ikawafungia watu 81 katika milima ya Sierra Nevada. Karibu nusu yao walikufa. Baadhi ya waliosalia walikula maiti za wenzao.

Mwaka 2003 na 2004, wanaakiolojia Kelly Dixon na Julie Schablitsky walichimba Alder Creek, walikopiga kambi akina Donner wenyewe. Walikuta majivu ya jiko na zaidi ya vipande 16,000 vya mifupa, vingi vidogo kama ukucha, baadhi vikiwa na kingo zilizolainika kwa kuchemshwa tena na tena. Hapa hadubini ndiyo shahidi. Kipande chembamba cha mfupa wa ng'ombe mara nyingi huonyesha tabaka zilizopangwa kama matofali. Cha mtu huonyesha viduara vilivyotawanyika. Vilivyotambulika vilikuwa vya ng'ombe, farasi, paa na mbwa. Cha mtu hakikutambulika hata kimoja.

Magazeti yakakimbilia kutangaza kwamba hakuna aliyeliwa pale. Yalikosea kuwa na uhakika huo. Udongo wa Alder Creek una asidi, na mfupa mbichi huoza ukaisha. Unaodumu ni ule uliopikwa au kuungua sana. Nyama ya watu, kwa ushuhuda wa waliookoka, ililiwa mwishoni kabisa, baada ya mifugo na hata ngozi za ng'ombe kwisha. Mifupa ambayo haikupita motoni isingetusubiri.

Kinachonigusa zaidi ni vigae vya vyombo vya udongo na vipande vya vibao vya kuandikia vilivyotoka humo humo majivuni. Watu wenye njaa hiyo walikuwa bado na vibao vya kufundishia watoto! Tamsen Donner alikuwa mwalimu. Binti zake watatu wadogo waliokolewa wote. Yeye alikataa kumwacha mumewe mgonjwa, na hakutoka milimani.