Kamera ya Filamu si ya Kufungiwa Kabatini

Mnamo Januari mwaka wa 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaenda kujiandikisha katika darasa la kwanza kwenye Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapa Eldoret. Habari zake zikavuma kote duniani. Mwaka wa 2005 alihutubu katika Umoja wa Mataifa jijini New York. Mwaka wa 2009 akaiaga dunia. Na mwaka uliofuata ikatoka filamu ya The First Grader iliyosimulia maisha yake.

Mwelekezi wa filamu hiyo, Justin Chadwick, ni Mwingereza. Sina kinyongo naye hata kidogo. Kazi ni nzuri, na Oliver Litondo, Mkenya mwenzetu, aliigiza nafasi ya Maruge kwa ustadi mkubwa. Linalonikera ni kwamba mzee yule alipokuwa akipita njia zetu na mkoba wake wa vitabu, katika walimu wote niliowafahamu wa mji huu, mimi nikiwa mmoja wao, hakuna aliyewahi kumfuata na kamera.

Tulijitetea kwa kusema hatuna vifaa. Utetezi huo ulikuwa dhaifu hata wakati ule. Kanda ndogo za video ya dijitali zilianza kuuzwa mwaka wa 1995, na miaka mitatu baadaye Thomas Vinterberg wa Denmark alitoa Festen, filamu aliyoirekodi kwa kamera ndogo ya kuchukulia picha za harusi na mazishi. Ilitunukiwa tuzo ya waamuzi huko Cannes. Mwaka wa 2015 Sean Baker wa Marekani alitoa Tangerine, iliyopigwa kwa simu ya mkononi. Na tusiende mbali: mafundi wa River Road jijini Nairobi walijenga soko zima la filamu za lugha zetu kwa kamera ambazo leo mtoto angezicheka.

Siku hizi hata serikali imelitambua jambo hili. Tamasha la drama la shule na vyuo limeongezewa filamu, na mtaala wa umilisi unamruhusu mwanafunzi wa sekondari pevu kusomea uigizaji na filamu. Kwa hiyo shule zinanunua kamera. Lakini zinanunuaje?

Nilifundisha katika shule moja ambayo sitaitaja. Bodi iliidhinisha fedha, ikaletwa kamera kubwa ya kutisha. Ilifungiwa kabatini siku hiyo hiyo isije ikaharibiwa na wanafunzi, na ilitolewa mara moja kwa mwaka, siku ya kutuza washindi. Fedha zilikuwa zimekwisha, hivyo maikrofoni haikununuliwa.

Siku nilipobahatika kuiazima, nilikwenda na wanafunzi wanne hadi mtaa wa Langas, kwa nyanya ya mmoja wao, atusimulie alivyohamia mjini akiwa msichana kutafuta kazi kiwandani. Ilikuwa Julai. Saa tisa mvua ikapiga mabati, na mwenyeji wa Sisibo anajua mvua hiyo ikoje. Nyanya alikuwa amefika pale alipomzika mwanawe wa kwanza, akawa analia huku akisema, nasi hatukuthubutu kumkatiza. Tuliporejea shuleni tukaona picha safi kabisa ya mama mzee anayelia, na tukasikia mabati tu. Juma lililofuata alikubali kusimulia upya. Alisimulia vizuri, kwa mpangilio, bila chozi.

Tangu hapo, nikiulizwa ni kamera gani inunuliwe, nami nauliza: ina tundu la kuchomekea maikrofoni, na jingine la kusikilizia? Isiyokuwa nayo siitaki, hata kama picha zake zinang'aa kama lulu. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi wa shati huwa karibu na kinywa, nayo maikrofoni ya kamera iko mbali na karibu na kila kelele nyingine. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu, lakini hatavumilia maneno asiyoyasikia.

La pili ni uwezo wa kuirekebisha kamera kwa mkono. Kamera ikiachwa ijiamulie kiasi cha mwanga, hulipima anga letu jeupe la mchana na kuzifanya nyuso zetu nyeusi kuwa kivuli kisicho na macho. Pimeni mwanga wa uso, na anga liungue likitaka. Afadhali zaidi, mtoeni msemaji kwenye jua la saa sita, linalosimama utosini, mmketishe barazani. Tena kamera nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa umeme wa Marekani wa mizunguko 60 kwa sekunde, hali wetu ni 50. Ndiyo sababu michirizi hupita kwenye picha zinazopigwa chini ya taa za bwalo. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata iwe moja ya hamsini, michirizi itatoweka.

Kuhusu ukubwa wa picha, wauzaji watawasifia ule wa juu kabisa. Wakumbusheni kwamba kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, na tarakilishi za maabara yetu zitakwama kabla mhariri hajakata onyesho la kwanza. Punguzeni. Fedha zitakazobaki zinunue betri ya pili, stendi ya miguu mitatu na diski ya kuhifadhia nakala.

Kamera ya wastani iliyochubuka kwa kushikwa na vijana thelathini imefanya kazi kuliko ile niliyoiacha kabatini iking'aa. Itaanguka, ndiyo. Hata chupa za maabara ya kemia huvunjika kila muhula, na hatujasikia somo limefutwa.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Ufunguo wa kabati akabidhiwe kiranja wa chama cha filamu, daftari la kuazimia litundikwe mlangoni, na Ijumaa alasiri vijana waruhusiwe kutoka nayo hadi kwa nyanya zao, kabla ya mvua.